Varikosili na Uzazi wa Mwanamume: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Tiba

Ndoa inapopita mwaka mmoja au miwili bila mtoto, macho ya jamaa na majirani huelekezwa kwa mke. Yeye ndiye anayepelekwa hospitalini, yeye ndiye anayechemshiwa dawa, na wakati mwingine yeye ndiye anayerudishwa kwao. Mume hubaki pembeni, ama kwa kuamini kwamba mwanamume mwenye nguvu za tendo la ndoa hawezi kuwa na kasoro ya uzazi, ama kwa kuona haya kupimwa sehemu za siri. Hali halisi ni tofauti. Kwa wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, sababu iliyo upande wa mwanamume, ikiwa peke yake au pamoja na iliyo upande wa mwanamke, huonekana katika takribani nusu ya visa. Miongoni mwa sababu hizo za mwanamume zinazoweza kurekebishwa, inayoonekana mara nyingi zaidi ni varikosili.

Katika sura hii tunaeleza varikosili ni nini, inadhuru uzazi kwa njia gani, na mlaji afanye nini asije akapoteza fedha na muda kwa tiba isiyomfaa. Jambo tunalosisitiza ni moja: uchunguzi utangulie malipo ya tiba, na uwahusu mume na mke kwa wakati mmoja.

Varikosili ni nini

Damu iliyokwisha kufanya kazi katika korodani hurudi juu kuelekea moyoni kwa kupitia mishipa midogo iitwayo vena. Ndani ya vena kuna vali, yaani vilango vinavyoiruhusu damu kupanda na kuizuia isirudi chini. Vali hizo zinapolegea au zinapokosekana, damu hurudi na kutuama, na mishipa iliyo juu ya korodani hutanuka na kujikunjakunja. Hali hiyo ndiyo varikosili. Ni ya jamii moja na mishipa inayovimba miguuni kwa baadhi ya watu wanaosimama kwa muda mrefu.

Katika visa vingi, takribani tisa kati ya kila kumi, varikosili huwa upande wa kushoto. Sababu ni ya maumbile. Vena ya korodani ya kushoto ni ndefu zaidi, nayo huungana na vena ya figo kwa pembe ya mraba, ilhali ya kulia huingia kwa mshazari katika vena kubwa ya tumbo. Kwa hiyo damu ya upande wa kushoto hupanda kwa taabu zaidi.

Varikosili huanza kuonekana wakati wa kubalehe. Inakadiriwa kuwa wanaume wapatao 15 katika kila 100 wanayo. Kwa wanaume wanaofika hospitalini kwa sababu hawajawahi kupata mtoto, idadi hiyo hupanda hadi kufikia 35 au 40 katika kila 100. Haiambukizwi, haitokani na zinaa, wala si matokeo ya kulogwa.

Isichanganywe na ngiri wala busha

Katika maeneo mengi, kila uvimbe au maumivu ya korodani huitwa ngiri au mshipa. Jina hilo moja hubeba magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Ngiri ni utumbo au sehemu nyingine ya ndani ya tumbo kupenya palipo na udhaifu katika ukuta wa tumbo na kushuka kinenani au katika mfuko wa korodani. Uvimbe huongezeka mgonjwa anapokohoa au kunyanyua mzigo, na utumbo ukibanwa maisha huwa hatarini.

Busha ni maji yanayojikusanya kuizunguka korodani. Katika ukanda wetu wa pwani, sababu moja inayojulikana ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu.

Varikosili ni mishipa ya damu iliyotanuka. Ukiigusa ukiwa umesimama, huhisi kama fundo la kamba laini ndani ya mfuko, na ukilala chali kwa kawaida hupungua.

Mwenye varikosili akinunua dawa ya ngiri, hata kama muuzaji ana nia njema, atakuwa amelipia kitu kisichohusiana na ugonjwa wake.

Namna inavyodhuru uzazi

Korodani hukaa nje ya tumbo kwa sababu utengenezaji wa mbegu za kiume unahitaji ubaridi wa kiasi cha nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu ya vuguvugu inapotuama katika mishipa iliyotanuka, joto la korodani hupanda. Pamoja na joto hilo, kemikali haribifu huongezeka na kuziathiri mbegu. Matokeo yake ni kwamba mbegu huweza kupungua idadi, kukosa mwendo mzuri, kuwa na umbo lenye kasoro, au kubeba vinasaba vilivyoharibika. Kwa baadhi ya wanaume korodani yenyewe hunywea polepole.

Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1992, uliohusisha wanaume 9,034 waliohudhuria kliniki za ugumba, ulionyesha kwamba varikosili ilikuwapo kwa asilimia 25.4 ya wanaume ambao shahawa zao zilikuwa na kasoro, ikilinganishwa na asilimia 11.7 ya wale ambao shahawa zao zilikuwa za kawaida.

Takwimu hizo zina funzo la pande mbili. Kwanza, varikosili inahusiana kweli na udhaifu wa mbegu. Pili, wapo wanaume wengi wenye varikosili ambao mbegu zao ni nzima, na wengi wao hupata watoto bila tiba yoyote. Kuwa na varikosili si sawa na kuwa mgumba.

Aidha, nguvu za tendo la ndoa na uwezo wa kutungisha mimba ni mambo mawili. Mwanamume anaweza kushiriki tendo bila shida yoyote na bado shahawa zake zikawa na mbegu chache mno. Kwa macho, shahawa hizo hazina tofauti na nyingine. Tofauti huonekana kwa hadubini tu.

Dalili, na wakati wa kuharakisha

Wengi hawana dalili yoyote, na hugundua tatizo wanapochunguzwa kwa sababu ya kukosa mtoto. Wengine huhisi uzito au maumivu hafifu yanayozidi baada ya kusimama muda mrefu, kubeba mizigo au kufanya kazi nzito, na kupungua wanapolala. Nguo ya ndani inayoishikilia korodani vizuri huweza kupunguza maumivu hayo.

Zipo hali zinazotaka haraka:

- Maumivu makali ya ghafla ya korodani, hasa kwa kijana. Huenda korodani imejisokota. Ili kuiokoa, upasuaji unahitajika ndani ya saa chache, vizuri zaidi kabla ya saa 6 kupita. Usisubiri asubuhi.
- Uvimbe mgumu juu ya korodani yenyewe, hata usipouma. Uchunguzwe kwa ajili ya saratani.
- Uvimbe wa mishipa uliojitokeza ghafla ukubwani, ulio upande wa kulia pekee, au usiopungua unapolala. Daktari atataka kuchunguza tumbo na figo, kwa kuwa huenda kuna kitu kinachoikandamiza mishipa.

Uchunguzi: unacholipia na unachopaswa kupata

Ikiwa mnaishi pamoja, mnakutana mara kwa mara bila kinga, na miezi 12 imepita bila mimba, nendeni hospitalini nyote wawili. Mke akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6.

Uchunguzi wa varikosili huanza kwa mikono, wala hauhitaji mashine ya gharama kubwa. Daktari humchunguza mgonjwa akiwa amesimama, kisha humtaka avute pumzi na kujikakamua. Varikosili ya daraja la kwanza huhisiwa mgonjwa anapojikakamua tu. Ya daraja la pili huhisiwa bila kujikakamua. Ya daraja la tatu huonekana kwa macho. Picha ya ultrasaundi hutumika pale uchunguzi wa mikono usipoleta uhakika. Jambo la kukumbuka ni kwamba varikosili ndogo inayoonekana kwenye picha tu, ambayo daktari haihisi kwa mikono, haijathibitishwa kunufaika na upasuaji. Ukiambiwa ukafanyiwe upasuaji kwa msingi wa picha pekee, omba maelezo zaidi.

Kipimo cha pili ni cha shahawa. Ili majibu yawe ya kuaminika, zingatia yafuatayo:

- Usikutane kimwili wala kutoa shahawa kwa muda usiopungua siku 2 na usiozidi siku 7 kabla ya kipimo.
- Sampuli yote iingie katika chombo safi kilichotolewa na maabara. Usitumie kondomu ya kawaida, kwa kuwa vilainishi na dawa zilizomo huweza kuziua mbegu. Kama kwa sababu za dini au mila huwezi kutoa sampuli kwa mkono, mwambie daktari. Zipo kondomu maalumu kwa kazi hiyo.
- Sampuli ikitolewa nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe.
- Majibu ya mara moja hayatoshi. Kiwango cha mbegu hubadilika, na homa kali ya miezi michache iliyopita huweza kukishusha. Majibu yakiwa na kasoro, kipimo kirudiwe.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani limetaja viwango vya chini vya rejea: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 katika kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39, asilimia 42 ya mbegu ziwe na mwendo, na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Mlaji asishtuke kuona asilimia 4. Ndicho kiwango chenyewe. Pia aliye chini ya viwango hivyo asijihesabu tasa, kwa maana viwango hivi humwongoza daktari tu, wala si hukumu.

Dai majibu yaliyoandikwa, yenye jina la maabara, tarehe na takwimu. Jibu la mdomo kwamba "mbegu ni dhaifu" halitoshi kukufanya utoe fedha za tiba.

Si kila varikosili inahitaji upasuaji

Kwa mwanamume anayetafuta mtoto, madaktari hushauri tiba pale mambo manne yanapokutana: wanandoa wamejaribu bila kufanikiwa, varikosili inahisiwa kwa mikono, kipimo cha shahawa kina kasoro, na mke ana uwezo wa kushika mimba au tatizo lake linatibika. Sharti la nne ndilo linaloonyesha kwa nini kumchunguza mmoja peke yake ni hasara. Mume anaweza kufanyiwa upasuaji wa mafanikio, kumbe mirija ya uzazi ya mke imeziba na haikupimwa. Kadhalika mke anaweza kutibiwa miaka mitano kwa kasoro asiyokuwa nayo.

Tiba huweza kushauriwa pia kwa mwenye maumivu yasiyotulia, na kwa kijana ambaye korodani ya upande wa varikosili inanywea au haikui sawa na mwenzake. Mwanamume asiye na maumivu, mwenye shahawa za kawaida, hahitaji upasuaji. Anachohitaji ni kufuatilia hali yake, na kurudia kipimo baada ya muda ikiwa bado anatarajia watoto.

Tiba na matarajio yake

Njia inayotumika zaidi ni upasuaji mdogo kinenani, ambapo daktari hufunga vena zilizotanuka na kuacha ateri na mirija ya limfu ikiwa salama. Damu hupata njia nyingine ya kupanda. Daktari akitumia hadubini ya upasuaji, uwezekano wa tatizo kurudi na wa kupata busha baadaye hupungua. Njia nyingine ni upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo ya tumbo, na kuziba vena kwa ndani kwa mrija mwembamba unaoongozwa na picha ya eksirei. Njia ya mwisho inahitaji vifaa na mtaalamu ambao hawapatikani katika kila hospitali.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au siku inayofuata, na hutakiwa kuepuka kazi nzito kwa majuma machache. Madhara yanayoweza kutokea ni busha, tatizo kurudi, maambukizi ya kidonda na, kwa nadra, kujeruhiwa kwa ateri ya korodani.

Mbegu moja huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa. Kwa sababu hiyo matokeo ya tiba hayapimwi baada ya juma moja; kipimo cha shahawa hurudiwa baada ya miezi 3, kisha baada ya miezi 6. Kwa wanaume wengi hali ya mbegu huwa nzuri zaidi, lakini si kwa wote, na hata mbegu zikiongezeka mimba haina hakikisho. Ikiwa umri wa mke umesogea, jadilini na daktari iwapo inafaa kungoja au kutafuta njia nyingine za usaidizi wa uzazi.

Tahadhari juu ya dawa zinazotangazwa

Hakuna kidonge, unga, chai wala mafuta yaliyothibitishwa kuondoa varikosili. Vali iliyolegea haikazwi kwa dawa ya kunywa. Tunatoa tahadhari mahususi katika mambo matatu.

La kwanza ni dawa za "nguvu za kiume". Hata zikimsaidia mtu katika tendo, hazimwongezei mbegu. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta bidhaa zinazouzwa kama mitishamba tupu zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali. Dawa hiyo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati huweza kushusha shinikizo la damu hadi kuua.

La pili ni homoni ya testosteroni, kwa sindano au jeli. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa ni homoni ya kiume, itaongeza uzazi. Kinyume chake, testosteroni inayotoka nje huuashiria mwili uache kutengeneza ya kwake ndani ya korodani, na mbegu huweza kupungua hadi kwisha kabisa. Anayetafuta mtoto asiitumie.

La tatu ni ahadi. Tangazo likisema utapona kwa siku 7, linganisha na zile siku 70 za kutengeneza mbegu, nawe utaona lenyewe linavyojikana. Jihadhari na anayetoa hakikisho la asilimia mia, anayetibu bila kukupima, anayedai dawa moja inatibu ngiri, kisukari na ugumba kwa pamoja, au anayetaka utume fedha kwa simu kwanza ndipo akutajie mahali alipo.

Hatusemi haya kwa kuidharau tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua kwa Tanzania Bara, na lipo Baraza linalosajili watoa huduma na dawa zao. Mganga aliyesajiliwa na mwaminifu hatachukizwa ukimwomba akuonyeshe usajili wake, wala ukimweleza kwamba umepima hospitalini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Varikosili yangu ni ya daraja gani, na imehisiwa kwa mikono au imeonekana kwenye picha tu?
2. Kipimo changu cha shahawa kimerudiwa, na takwimu zake ni zipi?
3. Mwenzi wangu amechunguzwa nini mpaka sasa?
4. Nisipotibiwa sasa, nini kinaweza kutokea?
5. Ni njia gani itatumika, na nani atakayefanya?
6. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa, kulazwa na vipimo vya baadaye? Bima yangu inalipia sehemu gani?
7. Nitarudi lini kupimwa matokeo?

Haki zako kama mlaji

Unayo haki ya kuelezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoielewa, kupewa nakala ya majibu na risiti ya kila malipo, kutunziwa siri, na kutafuta maoni ya daktari wa pili kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa ya upasuaji. Ukitilia shaka dawa, bakisha kifungashio na risiti, kisha toa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa huduma usiyoridhika nayo, anza na mganga mfawidhi wa kituo husika. Usiposikilizwa, mwone Mganga Mkuu wa Wilaya. Tangazo linalopotosha huweza kupelekwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji.

Kwa mume anayesoma maelezo haya, ushauri wetu ni mfupi. Kituo cha afya au hospitali ya wilaya ndiyo pa kuanzia. Tabibu atakuchunguza na, ikibidi, kukuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo. Haya ya dakika chache ni ndogo kuliko miaka ya lawama anayoibeba mke asiye na kosa. Nendeni pamoja, mpimwe pamoja, na majibu myapokee pamoja.